Ugumu Si Uthabiti: Udongo wa Kangemi na Lugha ya Kuupima

Utangulizi

Wahenga walinena kwamba usipoziba ufa utajenga ukuta. Methali hii imekaririwa shuleni hadi ikazoeleka, na aghalabu hufasiriwa kuwa onyo kwa mtu anayepuuza dosari ndogo. Hata hivyo, methali yenyewe inachukulia kwamba ukuta upo na ufa umekwisha kuonekana. Katika mitaa ya Nairobi ambako majengo ya ghorofa yanazidi kuongezeka, upo ufa mwingine usioonekana kwa macho: ule unaoanza chini ya msingi kabla ya jiwe la kwanza kuwekwa. Ufa huo hauzibwi kwa saruji. Huzuiwa kwa maarifa, na maarifa hayo hupatikana kwa kuutoboa udongo, kuutoa, kuupima na kueleza yaliyoonekana.

Makala haya yanaangalia upimaji wa udongo kwa keekee ya mkono kabla ya ujenzi katika mtaa wa Kangemi, magharibi mwa jiji la Nairobi. Hoja yake ni moja: kazi hiyo haikamiliki mpaka matokeo yake yaelezwe kwa lugha ya wale wanaoamua jengo liinuliwe vipi, yaani Kiswahili. Huenda msomaji akashangaa kuona suala la uhandisi likiletwa mbele ya wanafunzi na wahadhiri wa Kiswahili. Itabainika kwamba sehemu kubwa ya kazi iliyosalia ni yao.

Kangemi na udongo wake

Kangemi umekaa kando ya barabara ya Waiyaki, njia kuu iendayo Nakuru. Upande mmoja umepakana na mitaa ya watu wenye uwezo kama Loresho na Mountain View. Upande wa kusini bonde la mto linautenganisha na Kawangware. Tofauti na mitaa mingi ya mabanda iliyoota kwenye ardhi ya serikali, sehemu kubwa ya Kangemi ni ardhi ya watu binafsi, iliyorithiwa na familia na kugawanywa kizazi baada ya kizazi. Shamba la babu limekuwa ploti za wana, na ploti za wana zimekuwa vipande vya wajukuu. Matokeo yake ni nyumba zilizobanana: vyumba vya mabati vimepakana na majengo ya ghorofa, na baina yake ni vichochoro ambavyo hata mkokoteni hupita kwa shida.

Udongo wa sehemu hii ni mwekundu, wenye kina kirefu, uliotokana na miamba ya volkano iliyooza kwa muda mrefu mno. Ni udongo uliochunguzwa sana. Mwendo mfupi kutoka Kangemi, huko Kabete, zipo kampasi ya kilimo ya Chuo Kikuu cha Nairobi na maabara ya kitaifa ya utafiti wa udongo. Vizazi vya wanafunzi wa kilimo vimeuchimba udongo huu, vikaupima rutuba yake na kuuandikia tasnifu. Lakini mkulima na mjenzi hawaulizi swali moja. Mkulima huuliza udongo utamlisha nini. Mjenzi huuliza utambebea nini, na kwa muda gani.

Kwa sifa za jumla, udongo mwekundu wa magharibi mwa Nairobi una jina zuri miongoni mwa wajenzi. Hulinganishwa na udongo mweusi wa mashariki na kusini mwa jiji, ambao mafundi huuita bleki koton. Udongo mweusi huvimba unapolowa na kupasuka nyufa unapokauka, ukainua na kushusha sakafu kama kifua cha mtu anayepumua. Kwa hiyo mwenye ploti Kangemi hujihesabu kuwa na bahati. Yuko juu ya udongo mwekundu. Apime nini tena?

Jibu ni kwamba jina la udongo wa eneo si ripoti ya ploti. Chini ya ploti moja ya Kangemi huenda pakawa na udongo asilia uliotulia tangu enzi na enzi. Chini ya ploti ya jirani huenda pakawa na shimo la choo lililofukiwa miaka thelathini iliyopita, au kifusi na taka zilizosukumwa kuelekea mtoni ili bonde liwe kiwanja. Juu ya ardhi ploti hizo mbili hufanana kama pacha. Tofauti yao iko chini, na chini hakuonekani bila kutobolewa.

Keekee ya mkono inavyofanya kazi

Keekee ni neno la kale katika Kiswahili kwa chombo cha seremala cha kutobolea mbao. Keekee ya udongo ni ndugu yake mkubwa: fimbo ya chuma yenye mpini wa kukingama juu, mfano wa herufi T, na kichwa chenye makali chini kinachofanana na kikombe kilichopasuliwa pembeni. Watu wawili hushika mpini na kuuzungusha huku wakiukandamiza. Kichwa kikijaa udongo, baada ya sentimita kumi na tano au ishirini hivi, keekee huvutwa juu na udongo humwagwa juu ya turubai, fungu baada ya fungu, kwa utaratibu wa kina chake. Fimbo ikiishia ardhini huungwa nyingine. Hivyo hivyo, kwa mikono mitupu na jasho, shimo jembamba hufika mita tatu, nne, au tano.

Kila udongo unapobadilika rangi, unyevu au mnato, mtu wa tatu huandika: mita ngapi, rangi gani, una mizizi au vipande vya matofali, una harufu au hauna. Sampuli hutiwa katika mifuko isiyopitisha hewa na kubandikwa kibandiko chenye namba ya shimo na kina. Iwapo uimara wa udongo unatakiwa kupimwa, sampuli iliyovurugwa na keekee haitoshi. Bomba jembamba la chuma hupigwa taratibu katika sehemu ya chini ya shimo, likatoka na udongo ukiwa katika umbo lake la asili, kisha ncha zake huzibwa kwa nta ili unyevu usitoroke. Jioni shimo hufunikwa, na asubuhi hupimwa kama maji yameingia usiku na yamesimama kina gani.

Katika mtaa kama Kangemi njia hii ina faida ya wazi. Lori lenye mtambo wa kuchimba haliwezi kuingia kichochoroni, lakini keekee hubebwa begani. Haihitaji mafuta wala umeme, na gharama yake ni ndogo ikilinganishwa na ya mtambo. Hata hivyo, ina mipaka ambayo si haki kuificha. Keekee ikikutana na jiwe husimama, na anayeizungusha hawezi kujua mara moja kama amegonga mwamba wenyewe au jiwe moja lililozikwa. Aidha, uzito wa jengo haukomei pale msingi unapogusa udongo. Kanuni inayotumiwa na wahandisi ni kwamba kitako cha nguzo husukuma udongo kwa nguvu ya kuzingatiwa hadi kina cha takriban mara mbili ya upana wake. Kitako chenye upana wa mita 1.5, kikiwekwa mita 1.5 chini ya ardhi, kinadai udongo ujulikane hadi mita 4.5 hivi. Keekee ya mkono inafika hapo kwa taabu. Jengo zito, lenye vitako vipana au vilivyokaribiana, linadai kina zaidi, na hapo mtambo hauepukiki. Keekee ni mwanzo wa maarifa, na kwa jengo dogo huenda ikatosha. Kwa jengo kubwa inatosha tu kumwonya mtu mapema.

Ipo pia hatua inayotangulia keekee, nayo hufanywa kwa mdomo. Mpimaji mwerevu huanza kwa kuwaamkia wazee na akina mama waliokaa pale muda mrefu, akawauliza: vyoo vya zamani vilikuwa wapi? Taka zilimwagwa upande gani? Mvua kubwa ikinyesha, maji hutuama wapi? Majibu ya maswali hayo ndiyo huelekeza mashimo yatobolewe mahali gani. Bila majibu hayo, mashimo matatu yanaweza kupita kandokando ya choo kilichofukiwa bila kukigusa, kisha ripoti ikaandika kwamba udongo ni salama. Mazungumzo hayo hufanyika kwa Kiswahili. Katika mtaa ambamo Wakikuyu, Waluhya na watu wa jamii nyinginezo nyingi wanaishi ukuta kwa ukuta, hakuna lugha nyingine inayoweza kuyabeba.

Neno "mgumu" na hatari yake

Mashimo ya msingi yanapochimbwa bila upimaji wowote, uamuzi wa mahali pa kusimama hufanywa kwa neno moja. "Fundi, tumefika?" mwenye ploti huuliza. "Tumefika, mzee, hapa ni pagumu." Sululu imeruka, mkono umeumia, basi pagumu. Konkriti humwagwa.

Neno hilo ndilo kiini cha tatizo. Katika Kiswahili cha kawaida ugumu ni hali ya kitu kukataa kuvunjwa au kupenywa sasa hivi. Uthabiti ni hali ya kitu kudumu bila kubadilika. Udongo mwekundu uliokauka mwezi wa Februari ni mgumu kweli. Sululu huukwaruza tu. Udongo huo huo mwezi wa Mei, baada ya wiki kadhaa za masika, huenda ukakubali kidole gumba. Haukudanganya. Fundi aliuliza swali la ugumu akapata jibu la ugumu, ilhali jengo la ghorofa tano lilikuwa linauliza swali la uthabiti.

Maabara hulitenga swali la pili na la kwanza kwa vipimo. Mwaka wa 1911 mwanasayansi wa Uswidi, Albert Atterberg, aliyeshughulikia udongo wa kilimo, alieleza kwamba udongo wa mfinyanzi hupita katika hali kadhaa kadiri maji yanavyoongezeka: huwa mkavu wa kuvunjika, kisha wa kufinyangika, kisha wa kutiririka. Akaonyesha namna ya kupima mipaka baina ya hali hizo. Mpaka mmojawapo hupimwa hadi leo kwa namna ambayo mfinyanzi yeyote angeielewa bila kufunzwa: udongo husokotwa kwa kiganja juu ya kioo hadi uwe uzi mwembamba wa milimita 3. Ukianza kukatikakatika katika unene huo, mpaka umefikiwa, na maji yaliyomo hupimwa.

Fauka ya hayo, udongo mwekundu wa nyanda za juu za Kenya umewahi kuwafunza wakubwa wa taaluma hii. Katika miaka ya 1950 bwawa la Sasumua lilijengwa huko Kinangop ili kuipa Nairobi maji. Udongo uliopatikana pale ulionyesha katika vipimo vya kawaida sifa ambazo zingewafanya wahandisi wengi waukatae. Karl Terzaghi, mzaliwa wa Prague ambaye kitabu chake cha mwaka wa 1925 huhesabiwa kuwa mwanzo wa uhandisi wa udongo wa kisasa, alihusika kama mshauri, na mwaka wa 1958 alichapisha makala kuhusu bwawa hilo. Ilidhihirika kwamba chembe za udongo ule zilikuwa zimeshikamana katika vibonge vidogo vyenye vinyweleo, na kwa sababu hiyo udongo ulikuwa imara kuliko vipimo vilivyodokeza. Imejulikana pia kwamba udongo mwekundu wa nchi za joto unaweza kubadilika tabia ukikaushwa sana kabla ya kupimwa, kiasi kwamba maabara hupima kitu tofauti na kile kilichomo ardhini. Funzo ni kwamba udongo wa hapa hauwezi kuhukumiwa kwa mazoea, yawe ni mazoea ya fundi wa mtaani au ya vitabu vya ng'ambo. Sharti utolewe ulipo, uhifadhiwe na unyevu wake, uulizwe wenyewe.

Ripoti isiyosomeka

Tuseme basi kwamba yote yamefanywa ipasavyo. Wazee wameulizwa, keekee imezungushwa, sampuli zimefika maabara, mhandisi ameandika ripoti yenye jedwali na michoro. Ripoti hiyo imeandikwa kwa Kiingereza cha kitaalamu. Mwenye ploti huipokea, huiweka katika faili pamoja na hatimiliki, na faili hupelekwa afisini ili kibali kitolewe. Hapo ndipo safari ya maarifa hukoma. Fundi atakayechimba msingi hajaiona. Msimamizi wa vibarua hajaiona. Mwenye ploti ameiona lakini hakuisoma, na miaka mitatu baadaye, wapangaji wakiongezeka na pesa zikipatikana, atamwita fundi mwingine na kumuuliza kama ghorofa moja zaidi inawezekana. Mazungumzo hayo yatafanywa kwa Kiswahili, chini ya ngazi, bila karatasi. Kikomo cha uzito kilichoandikwa katika ukurasa wa kumi na nne hakitahudhuria.

Hali ya sheria haitofautiani sana. Sheria ndogo za ujenzi za mwaka wa 1968, zilizotumika Kenya kwa zaidi ya nusu karne, ziliandikwa kwa Kiingereza. Kanuni za Kitaifa za Ujenzi za mwaka wa 2024, zilizoanza kutumika tarehe 1 Machi 2025, nazo ziliandikwa kwa Kiingereza. Ilhali Katiba ya mwaka wa 2010, katika kifungu cha 7, inatamka kwamba Kiswahili na Kiingereza ni lugha rasmi za Jamhuri, na katika kifungu cha 46 inampa mtumiaji wa bidhaa na huduma haki ya kupata habari anazohitaji ili anufaike nazo kikamilifu. Anayelipia upimaji wa udongo ni mtumiaji wa huduma. Habari aliyouziwa kwa lugha asiyoimudu ni sawa na dawa iliyofungwa katika chupa isiyofunguka.

Gharama ya kutojua imekwisha kulipwa. Usiku wa tarehe 29 Aprili 2016, mvua kubwa ikinyesha, jengo la makazi lililokuwa kando ya mto katika mtaa wa Huruma, Nairobi, liliporomoka na kuua watu wapatao 50. Jengo hilo halikuwa na idhini ya kujengwa. Itakuwa kosa kudai kwamba udongo peke yake uliliangusha, au kwamba karatasi moja ya Kiswahili ingeliokoa. Ujenzi duni na usimamizi uliolegea vilikuwa na sehemu yao. Lakini ni vigumu kuupuuza msimu wake na mahali pake: masika, kando ya mto. Kangemi una masika yale yale, na unao mto.

Pingamizi na majibu

Pingamizi la kwanza litatoka kwa wahandisi: Kiswahili hakina istilahi za kazi hii. Dai hili ni jepesi kulitoa na gumu kulithibitisha. Udongo wa mfinyanzi, tifutifu, kichanga, changarawe, kokoto, kifusi, mwamba, jabali: maneno haya yapo na yanatumika. Kitenzi -nama kimezaa kinamo, neno ambalo watu wa kilimo hulitumia kwa udongo unaonata; humo humo inawezekana kupata unamo kwa ile hali ya kufinyangika ambayo Atterberg aliipima. Kwa jengo kuzama polepole Kiswahili kina kudidimia, na kwa ardhi laini inayomeza mguu kina kutitia. Kutoka hapo ni hatua ndogo kutofautisha mdidimio sawa, ambapo jengo zima hushuka pamoja na madhara huwa madogo, na mdidimio wa upande, ambao hupasua kuta na kuinamisha nguzo. Mnara wa Pisa huko Italia, ulioanza kujengwa mwaka wa 1173, ni mfano wa mdidimio wa upande unaojulikana duniani kote. Taasisi ya Uchunguzi wa Kiswahili ya Dar es Salaam ilichapisha kamusi sanifu ya biolojia, fizikia na kemia mwaka wa 1990. Aliyeweza kutaja viini vya atomu hatashindwa kutaja udongo alioukanyaga.

Pingamizi la pili litatoka miongoni mwa wanafunzi wa Kiswahili wenyewe: mafundi wa Kangemi hawasemi Kiswahili sanifu, wanachanganya Sheng na lugha za nyumbani, na istilahi za vitabuni zitawapita juu. Pingamizi hili lina uzito, na ndilo linaloonyesha kazi ilipo. Istilahi zinazobuniwa mezani na kusambazwa kwa waraka zimekufa nyingi mno. Njia iliyo bora ni kuanza mjengoni. Fundi analo neno lake kwa udongo unaomeza sululu. Kibarua analo neno lake kwa tope lenye harufu linaloashiria choo cha zamani. Maneno hayo yakusanywe, yalinganishwe, yaliyo bora yapewe nafasi hata kama hayamo kamusini. Pale ambapo neno la mtaa linapotosha, kama mgumu linavyopotosha, lielezwe wazi na lingine lipendekezwe kando yake.

Pingamizi la tatu ndilo zito kuliko yote: kwamba majengo hayaanguki kwa sababu ya lugha bali kwa sababu ya tamaa. Mwenye kutaka kodi ya ghorofa ya saba ataijenga hata akisomewa ripoti kwa lugha ya mamaye. Ni kweli. Kiswahili hakiwezi kuizuia tamaa, lakini kinaweza kuiondolea maficho. Maadamu ripoti haisomeki, mwenye jengo anaweza kusema hakujua, na fundi naye, na msimamizi naye, na wote watakuwa wamesema kweli. Ripoti ikisomeka, mpangaji anaweza kuuliza. Jirani anayepakana na ukuta anaweza kuuliza. Fundi mwaminifu, anayeshinikizwa aongeze ghorofa, anapata karatasi ya kujikingia. Kuuliza si ujinga, lakini sharti pawe na kitu kilichoandikwa ambacho muulizaji anaweza kukielekezea kidole.

Linalowezekana

Pendekezo linalotokana na hoja hizi si kubwa. Kila ripoti ya upimaji wa udongo kwa jengo la makazi iwe na ukurasa mmoja wa Kiswahili, utakaobandikwa kwenye eneo la ujenzi tangu siku ya kwanza na baadaye kuwekwa mlangoni pa jengo. Ukurasa huo ujibu maswali matano: keekee ilifika kina gani na ikasimamishwa na nini? Udongo wa aina gani ulikutwa, tangu juu hadi chini? Maji yalionekana kina gani, na upimaji ulifanywa msimu gani? Msingi uwekwe kina gani, nao utahimili ghorofa ngapi, zisizozidi? Na ni dalili gani, kama vile mlango unaoanza kukwama au ufa unaopanda kwa mshazari, zikionekana zipelekwe kwa mhandisi mara moja?

Ukurasa huo hauwezi kuandikwa na mhandisi peke yake, wala na mwanaisimu peke yake. Vyama vya Kiswahili vya vyuo vikuu vimezoea kufanya makongamano kuhusu istilahi za sayansi, na mada zimetolewa nyingi. Hapa kuna nafasi ya kutenda. Wanafunzi wachache wa Kiswahili na wachache wa uhandisi wanaweza kutumia likizo moja wakiandamana na wapimaji katika mitaa kama Kangemi, wakiandika maneno yanayotumika karibu na turubai la sampuli, wakaandaa faharasa ya maneno mia moja na kielelezo cha ukurasa huo. Kisha waujaribu kwa kipimo kilicho bora kuliko hakimu yeyote wa kongamano: wampe fundi ausome, wamwombe aeleze angechimba vipi. Akieleza sawasawa, lugha imefaulu. Akikosea, kosa ni la ukurasa, uandikwe upya.

Hitimisho

Mfinyanzi haufinyangi udongo asioujua. Huutwanga, huulowesha, huusokota kiganjani, na ukimkatikia mapema huutupa. Hatari yake ni chungu kimoja kupasuka. Mjenzi wa ghorofa huweka juu ya udongo watoto waliolala, na mara nyingi huuliza swali moja tu kwa sululu. Keekee ya mkono imewapa watu wa Kangemi njia rahisi ya kuuliza vizuri zaidi, na maabara hutoa jibu. Jibu hilo sasa limekwama baina ya lugha mbili, mahali ambapo wahandisi hawana ujuzi wa kulikwamua na wataalamu wa Kiswahili hawajajaribu. Masika yajayo hayatangoja kongamano lijalo.